Shangazi, adapta za intaneti zimenigombanisha na wapangaji wenzangu

Shikamoo Shangazi, pole na majukumu. Huwa nasoma majibu yako kimya kimya, sikujua kama na mimi ntakuja kuandika, tena kwa kitu ambacho wengine watacheka maana sio mapenzi wala sio mambo ya wakwe, ni gemu. Lakini imefika pahala nyumbani tunapishana kwenye korido hatusalimiani, kwahiyo naomba unisikilize.

Mimi ni kijana wa miaka 27, nafanya kazi kwenye duka moja la steshenari hapa Dodoma, kutoa kopi, kuprinti, mambo ya wanafunzi. Nimepanga chumba Ipagala, nyumba tupo wapangaji wanne. Mbele kuna Kaka Afisa (nimuite hivyo), anafanya kazi Mtumba kule mji wa serikali, anafuata Dada Nesi, halafu Mama Junior na mwanae, mimi niko chumba cha mwisho nyuma kabisa. Mzee mwenye nyumba anakaa hapo hapo uani kwenye kijumba chake cha vyumba viwili. LUKU ni moja, wapangaji tunachanga sawa kwa sawa, umeme wa Mzee nao unatoka huko huko.

Intaneti ya faiba aliivuta Kaka Afisa. Mkataba una jina lake na ruta iko chumbani kwake, sisi wengine tunachangia kila mwezi. Huko mbele inakimbia balaa. Mpaka ifike kwangu imeshapita kuta tatu za tofali za bloku, waifai inaonyesha kijistari kimoja, WhatsApp inaenda, video inaenda kwa kuchechemea, gemu ndo usiseme.

Sasa kwanini gemu. Mdogo wangu yuko Uturuki anasoma, tumelelewa na bibi tukiwa wawili tu. Saa zao na zetu ni zile zile, kwahiyo tuliwekeana kila saa tatu usiku tunacheza mpira kwenye PlayStation huku tumevaa hedifoni tunapiga stori. Tukipigiana simu ya kawaida dakika tatu tumemaliza, uzima, uzima, haya baadae. Ila tukishika pedi tunaongea saa nzima, humo ndo nimejua ana mchumba, humo ndo alinambia alishikwa somo moja na hajamwambia bibi. Sasa mechi ikifika kipindi cha pili inaganda, inanitoa, na sauti yake inakatika katikati ya sentensi, inaniumiza kuliko kufungwa.

Mshkaji wa kazini aliwahi kusoma Uingereza, akarudi na adapta mbili za TP-Link. Moja unachomeka kwenye soketi karibu na ruta unaiunganisha na waya, nyingine unachomeka chumbani kwako, intaneti inapita kwenye nyaya za umeme za nyumba. Plagi zake ni pini tatu kama zetu. Akaniazima wikiendi nijaribu, nikizipenda ananiuzia elfu themanini.

Nilimwomba Kaka Afisa kistaarabu siku ya Ijumaa akakubali. Shangazi, Jumamosi mchana nilicheza kama niko jengo moja na mdogo wangu. Jioni ikaanza kusumbua, hasa Mama Junior akipiga pasi au friji ikianza kunguruma. Nikajaribu kuichomeka kwenye TV guard ikafa kabisa, nikairudisha ukutani ikafufuka. Jumapili saa nne usiku LUKU ikaisha, basi ikawa ni mimi. Kaka Afisa akachomoa, akaniletea mlangoni, akasema uniti za kununuliwa Jumatano haziwezi kuisha Jumapili, nikitaka hicho kidude kirudi nilipe LUKU mara mbili. Mama Junior akadakia hivyo vitu vinasoma meseji za watu kwasababu vinapita kwenye umeme wa kila chumba. Na Mzee kutoka uani, hakuna aliyemuuliza, akasema tangu vichomekwe redio yake inakoroma. Hapo hata Dada Nesi alicheka, redio na intaneti wapi na wapi?

Mshkaji anataka hela yake au vitu vyake mwisho wa mwezi. Nimefikiria ninunue nichomeke hata kwa lazima maana na mimi nachangia, au nivute intaneti yangu mwenyewe, au nihame, au niachane na gemu kabisa. Naona wananionea kwasababu mimi ndo mdogo na wao teknolojia hawaijui. Nishauri Shangazi.

Mchezaji wa Ipagala

—

Marahaba mwanangu, na pole. Wala sijacheka. Mtu anayetafuta namna ya kusikia sauti ya mdogo wake hadi mwisho wa sentensi simuoni kama mtoto wa magemu, na nitakurudisha hapo baadae maana nahisi kuna watu ndani ya nyumba hiyo hawajui hata robo ya hicho ulichoniandikia mimi.

Nikikusoma vizuri, una shida ya waya na una shida ya watu, na zimegongana usiku mmoja LUKU ilipoisha. Unacheza na ndugu yako, chumba chako kiko mbali na ruta, ukapata kifaa kikasaidia nusu, halafu nyumba nzima ikakigeuka. Umemalizia kwa kusema wenzako hawajui teknolojia. Hapo naomba tukae kidogo, na nianze na yule mliyemcheka.

Mzee anaweza kuwa ndiye aliyesema la kweli kuliko wote. Hizo adapta zinapitisha intaneti kwenye waya wa umeme kwa mawimbi ya redio, za kizazi cha zamani kati ya megahezi 2 na 28, mpya zingine zinapanda hadi 86. Masafa mafupi, yale ya redio za wazee wetu, ni kuanzia megahezi 3 hadi 30, yaani humo humo. Na waya wa umeme haukutengenezwa kubana mawimbi, kwahiyo nyumba nzima inageuka antena. Wenzetu wanaofanya redio ya ridhaa, yaani wanaorusha mawasiliano ya redio kama hobi, huko Ulaya wamelalamikia sana hizi adapta, ndo maana watengenezaji wakaacha mapengo kwenye yale masafa ya ridhaa, ila stesheni za masafa mafupi, kama ndizo anazosikiliza Mzee, mara nyingi hazikuachiwa pengo la kudumu la namna hiyo. Kama anasikiliza FM ni habari nyingine, FM inaanzia megahezi 87.5 huko juu, hapo ningeshuku hata chaja feki ya simu. Sasa hujaniambia anasikiliza nini. Umewahi kwenda kumuuliza? Nenda jioni moja, msalimie mbukwenyi kama ni Mgogo, omba mchomeke na kuchomoa mkiwa mnasikiliza wote. Ni dakika tano tu, na mwenye nyumba aliyesikilizwa ana thamani kubwa kwa mpangaji kuliko unavyodhani.

Tuje kwenye LUKU. Adapta moja inakula wati 3 hivi, tuseme mbili ni wati 6, ziwake usiku na mchana mwezi mzima ni kama uniti 4 na kitu. Nyumba ya watu wengi kama yenu ikivuka uniti 75 kwa mwezi mnalipa kama shilingi 350 hivi kwa uniti ukijumlisha na makato, kwahiyo ni kama 1,500 kwa mwezi. Kwa ile wikiendi yako hazikufika hata nusu uniti. Kaka Afisa hapo amekosea hesabu. Lakini mwanangu, PS4 ikichezwa inavuta wati 100 hivi, na TV ndogo 50, tuseme masaa matatu kila usiku, ni uniti 13 na nusu kwa mwezi, karibu elfu tano. Hizo hukuzitaja kabisa. Na mnachanga sawa kwa sawa. Ila pasi ya Mama Junior nayo ni wati 1,000 kwenda juu, kila saa moja ya pasi ni uniti moja imeondoka, na friji kwa joto la Dodoma haipumziki. Kwahiyo inawezekana kabisa kila mmoja ana sababu ya kunung'unika na hakuna aliyewahi kukaa na kalamu. Unaweza kwenda na hesabu hii ukasema mimi naongeza elfu tano, nimepiga mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba ukifungua hiyo mada pasi na friji navyo vitataka kuhesabiwa, na Mama Junior mwenye mtoto anaweza kuona umemlenga yeye. Wengine huishia kumwomba mwenye nyumba kila chumba kiwe na mita yake ndogo, ambayo ni gharama na ni lazima Mzee akubali.

Kuhusu kusoma meseji, hapo mtulize Mama Junior, ila usimcheke. Anachoogopa kina msingi kidogo, mawimbi yanafika kweli kwenye soketi za vyumba vyote na mtu akichomeka adapta ya aina hiyo hiyo chumbani kwake anaweza kudaka mtandao, kwasababu zikitoka kiwandani nyingi zinakuwa na nywila moja ya kufanana. Ndo maana zina kitufe cha kuziunganisha, ukibonyeza kwenye zote mbili zinajitungia nywila yao na kila kinachopita kinafungwa kwa usimbaji wa AES wa biti 128. Na WhatsApp ina kufuli lake lenyewe juu ya hapo. Je ulikibonyeza, au ulichomeka tu zikawaka?

Sasa adapta zenyewe, maana kabla hujatoa elfu themanini nataka ujue unanunua nini. Ulichokiona jioni ni kawaida yake. Pasi, mota ya friji, chaja za bei chee, taa za LED, vyote vinamwaga kelele kwenye waya ule ule, na TV guard au ekstensheni yenye kinga inakata mawimbi ya intaneti ikidhani ni uchafu, ndo maana ilikufa. Ukutani moja kwa moja ndo mahali pake. Ile namba kubwa ya kwenye boksi, sijui 600, sijui 1000, isikutishe wala isikufurahishe, ni ya maabara, kwenye nyumba ya watu unapata sehemu ndogo tu. Bahati nzuri gemu haihitaji spidi kubwa, mara nyingi haifiki hata megabiti moja kwa sekunde, inachohitaji ni data ifike kwa wakati bila kurukaruka. Kuna nyumba hizi adapta zinakaa vizuri miaka, na kuna nyumba hazifai kabisa, hasa chumba cha nyuma kikiwa kiliongezwa baadae au nyumba ikiwa na umeme wa fezi tatu, yaani laini tatu za umeme zinazogawana vyumba, na wewe uko fezi tofauti na ruta.

Lakini una uhakika tatizo liko ndani ya nyumba? Nauliza kwasababu jioni saa tatu ni saa ambayo Kaka Afisa yuko kwenye muvi, Junior yuko kwenye katuni, na mtaa mzima uko kwenye laini. Hapo data zinapanga foleni kwenye ruta na hakuna adapta itakayoondoa foleni hiyo, pengine kuna mpangilio ndani ya ruta wa kuipa gemu kipaumbele, na mwenye nywila ya ruta ni nani? Kipimo chake rahisi. Kuna programu za bure za simu za kupima ping, yaani muda ambao data inatumia kwenda na kurudi. Ukiwa chumbani kwako pima kwenda kwenye ruta yenyewe, anwani yake huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, halafu pima kwenda nje. Ya ruta ikirukaruka, mara milisekunde 3 mara 150, ugonjwa uko kwenye kuta zako. Ikiwa tulivu na ya nje ndo inaruka, hata ukinunua adapta kumi hutapona. Fanya mchana na ufanye saa tatu usiku.

Na Uturuki ni mbali mwanangu. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200 kwa milisekunde moja, kutoka Dodoma hadi Istanbul ni zaidi ya kilomita 5,000 kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi ni milisekunde 50 na kitu kabla ya chochote kingine, na njia yenyewe hainyooki, inashuka Dar kwanza ndo iingie baharini. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika huko chini ya bahari nchi nzima ilisota, hakuna cha ruta ya nani. Kwahiyo kuna sehemu ya kuganda kwenu ambayo si ya Ipagala.

Kama kipimo kitaonyesha ni kuta, adapta sio dawa pekee. Waya wa LAN wa kawaida, ule wa kuunganisha kifaa na ruta moja kwa moja, unafika hadi mita 100, haujali pasi ya mtu wala haukoromeshi redio, unapita juu ya dari au nje chini ya bati, na mafundi wanaofunga kamera za ulinzi hapo mjini wanaufunga kila siku. Mimi binafsi nauona ni mtulivu kuliko kupita kwenye umeme, ila unahitaji kutoboa, na kutoboa ni ruhusa ya Mzee (unaona kwanini nilianza naye). Njia nyingine ni ruta kutoka chumbani kwa Kaka Afisa kuja kwenye korido, katikati ya nyumba, kila mtu angefaidi. Hata hivyo jiulize yeye ataionaje. Aliivuta kwa jina lake, bili ikichelewa anapigiwa yeye, na ruta ikikaa korido Junior ataichezea. Na kinyume chake, akipanda treni Ijumaa kwenda Dar akafunga mlango, ruta ikiganda nyumba nzima mnafanyaje? Hilo huenda linawakera wote na sio wewe tu.

Kuchomeka kwa lazima sijui kama umelifikiria hadi mwisho. Adapta moja lazima iwe chumbani kwake, kwenye soketi yake, nyuma ya mlango wake. Anayeweza kuchomoa ni yeye muda wowote, hata katikati ya mechi. Kwahiyo hata ukiwa na haki yako ya mchango, kifaa hiki kinafanya kazi kwa kadri Kaka Afisa anavyotaka kifanye kazi. Intaneti yako mwenyewe ya ruta ya laini ya simu itakupa uhuru, ila jioni mnara ukizidiwa ping inapanda tena, na ukiacha kuchangia faiba watatu watakaobaki watalipa zaidi, watakuelewaje? Kuhama nako, huko uendako kuna LUKU nyingine na watu wengine, na kuta hujui ni za nini. Pengine ni sawa kuhama kama umechoka na watu, mimi siwajui. Nakuuliza tu kama umechoka nao au umechoka na wikiendi moja.

Kuacha gemu sijaligusa kwasababu sidhani ni gemu unayoiongelea. Ila nina swali, Kaka Afisa anajua unacheza na nani? Ulipomwomba Ijumaa ulimwambia ni kwa ajili ya mdogo wako aliyeko Uturuki, au ulisema tu nataka kujaribu kifaa? Mtu anayesikia mwenzake anapiga kelele za goli saa nne usiku ukutani ana picha yake kichwani, na Dada Nesi akitoka zamu anataka kulala. Huenda wakijua hawatabadilika chochote, hilo nalo lipo. Na mdogo wako je, anajua kwanini unakatika? Asije akadhani umemchoka, hasa huyo mwenye somo la kurudia aliyekwambia wewe wakati bibi bado hajui.

Muombe mshkaji akuongezee wiki moja na hizo adapta ili upime kabla hujalipa, mwambie ukweli kwamba nyumbani kumechafuka. Na kama mtaishia kwenye waya wa LAN, mwambie fundi aache mita mbili tatu za ziada zimeviringishwa upande wa ruta, maana siku Kaka Afisa akikubali iende korido mtazihitaji. Niandikie ping ya saa tatu usiku ilisemaje, na Mzee anasikiliza stesheni gani.